Kuchagua Pikipiki ya Kwanza: Mwongozo Kamili kwa Mwendeshaji Mpya

Mtu anayenunua pikipiki kwa mara ya kwanza huanza, karibu kila mara, na maswali ya kasi: inakimbia kiasi gani, injini yake ni ya ukubwa gani, itapanda mlima ikiwa na abiria? Ni maswali ya haki, lakini huulizwa kabla ya wakati wake. Anayejifunza hapati taabu barabara inaponyooka na gia ya nne imeshaingia. Taabu humpata anaposimama ghafla kwenye mteremko, anapogeuza mahali pembamba, anapoisukuma pikipiki kinyumenyume kuitoa kwenye maegesho, au anapoiachia klachi haraka kuliko alivyokusudia. Kwa sababu hiyo namwomba msomaji aihukumu pikipiki kwanza ikiwa imesimama, kisha ikiwa inatambaa, na mwisho kabisa ikiwa inakimbia.

Nayasema haya kwa kuwa niliwahi kufuata mpangilio wa kinyume. Pikipiki yangu ya kwanza niliichagua kwa macho, na ingawa dukani niligundua kwamba nikiikalia nagusa chini kwa ncha za vidole tu, nilijiambia kuwa nitazoea. Wiki ya pili nilisimama kwenye njia panda, nikashusha mguu wa kulia mahali ambapo ukingo wa lami ulikuwa umeliwa, na mguu ukakuta utupu wa kina cha kiganja kimoja. Pikipiki ikaanza kulala polepole, na ikishapita pembe fulani hakuna nguvu ya mguu mmoja inayoweza kuirudisha. Mkono wa breki ya mbele ulikatika. Sikuumia, lakini kwa miezi kadhaa baada ya hapo kila taa nyekundu ilinitia hofu, na mwendeshaji mwenye hofu hajifunzi vizuri.

Hatua ya kwanza: Jifunze kabla ya kununua

Utafiti ulioongozwa na Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, uliochapishwa mwaka 1981 baada ya kuchunguza kwa kina ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waendeshaji waliohusika walikuwa na uzoefu wa chini ya miezi 5 kwenye pikipiki ileile waliyopata nayo ajali. Asilimia 92 kati yao walikuwa wamejifunza wenyewe au wamefundishwa na jamaa na marafiki. Utafiti huo ni wa zamani, lakini mambo hayo mawili yanamhusu sana mnunuzi wa leo: miezi ya mwanzo ndiyo ya hatari zaidi, na ugeni wa chombo chenyewe ni hatari hata kwa mtu ambaye tayari anajua kuendesha vyombo vingine.

Kwa hiyo tafuta mafunzo yanayotolewa na mwalimu anayetambulika, na ufanye mazoezi yako ya kwanza kwenye pikipiki ya shule. Faida yake ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu baada ya saa chache za kuachia klachi, kusimama na kuzunguka vizuizi, mwili wako utakuwa umeshakueleza kama kiti kilikuwa juu mno au kama uzito ulikulemea, na utaingia sokoni ukiwa na kipimo chako mwenyewe.

Wakati huohuo fahamu leseni utakayopata inakuruhusu nini. Nchi nyingi huweka mipaka kwa waendeshaji wapya. Katika Umoja wa Ulaya, kwa mfano, leseni ya daraja la A1 huishia kwenye pikipiki ya sentimita za ujazo 125 na nguvu ya kilowati 11, na ya A2 huishia kwenye kilowati 35. Usinunue chombo ambacho sheria itakuzuia kukitumia, wala usikubali kuambiwa kwamba hakuna anayekagua: ajali ikitokea, bima inaweza kukataa kulipa.

Hatua ya pili: Zitazame safari zako jinsi zilivyo

Chukua karatasi, uandike safari za wiki moja ya kawaida: umbali, hali ya barabara, mzigo, abiria, mvua, na mahali pikipiki italala usiku. Andika unachokifanya sasa, kwa sababu safari ndefu ya milimani inayofanyika mara moja kwa mwaka isitawale uamuzi wa siku 300 za foleni.

Karatasi hiyo itapunguza machaguo haraka. Pikipiki ya kawaida, ile ambayo humkalisha mwendeshaji wima bila kumwinamisha mbele, inamfaa karibu kila anayeanza, kwani shingo inageuka kwa urahisi na mikono haibebi uzito wa mwili. Skuta inawafaa wa mjini wanaotaka mahali pa kuweka mizigo na hawataki kuhangaika na gia, ila matairi yake madogo huyahisi mashimo zaidi. Pikipiki ya njia mbili, yaani ya lami na vumbi, inastahimili barabara mbovu, lakini kiti chake huwa juu. Zile za kiti cha chini na hendeli ndefu ni rahisi kuzisimamisha, ingawa nyingi ni nzito. Pikipiki za mashindano, ambazo mwendeshaji huzilalia kifuani, zisiwe za kwanza. Mkao wake unachosha kwenye mwendo mdogo, hendeli yake hukunja kidogo, na akseleta yake haimsamehe anayekosea.

Hatua ya tatu: Ipime kwa mwili wako

Hapa ndipo ninapomtaka msomaji akae muda mrefu kuliko mahali pengine pote. Vaa buti utakazoendeshea, kwa maana soli nene huongeza sentimita moja au mbili, kisha panda na uiondoe stendi. Ukikalia katikati ya kiti, nyayo zote mbili zinafika chini? Kama hazifiki zote, je, unaweza kukanyaga kwa sehemu pana ya mbele ya miguu yote miwili bila kuusogeza mwili upande? Mwanafunzi aridhike na kimojawapo kati ya hivyo viwili. Ncha za vidole hazitoshi, hata muuzaji akisema zinatosha.

Urefu wa kiti unaoandikwa kwenye karatasi za mauzo hausemi yote, kwa kuwa kiti kipana huyatawanya mapaja na kukunyang'anya urefu, nacho kiti chembamba hukurudishia. Uzito nao una siri yake. Linganisha pikipiki mbili zinazojulikana sana: Honda Rebel 500 ina uzito wa kilo 190 hivi na kiti chake kiko milimita 690 tu kutoka ardhini, ilhali Suzuki DR-Z400S ina kilo 145 hivi lakini kiti chake kinafika milimita 935. Mtu mfupi anaweza kuishika ile nzito kwa utulivu akasimama nayo siku nzima, na ile nyepesi ikamwangusha kwenye kituo cha kwanza. Kwa jumla, pikipiki za sentimita za ujazo 125 hadi 150 huwa na kilo 110 hadi 145, na anayeanza afikiri mara mbili kabla ya kuvuka kilo 180, isipokuwa kiti kiwe cha chini sana.

Ukishaikalia, shuka na uisukume. Isukume mbele hatua kumi, irudishe nyuma, igeuze nusu duara ukiwa umeshika hendeli na injini imezimwa. Kama unahema baada ya zoezi hilo kwenye sakafu laini ya duka, fikiria utakavyokuwa kwenye kokoto. Halafu rudi juu yake, ukunje hendeli kulia hadi mwisho na kushoto hadi mwisho, uone kama mkono wa mbali bado unaifikia akseleta au klachi bila kuuvuta mwili. Vuta klachi mara ishirini mfululizo, kwani vidole vitakavyochoka hapo vitachoka zaidi kwenye foleni. Watu wenye viganja vidogo waulize kama mikono ya breki na klachi inarekebishika. Kwenye pikipiki nyingi inarekebishika kwa kifaa kidogo na dakika chache.

Hatua ya nne: Ielewe injini zaidi ya namba yake

Ukubwa wa injini umegeuzwa kuwa lugha ya kila mazungumzo ya pikipiki, na lugha hiyo inadanganya. Royal Enfield Classic 350 ina silinda moja na hutoa nguvu farasi 20 hivi. Kawasaki ZX-25R ina sentimita za ujazo 250 tu, lakini ina silinda nne zinazozunguka kwa kasi kubwa na hutoa nguvu farasi karibu 50. Anayeamini namba peke yake ataichukua hiyo ya pili akidhani ndiyo ndogo.

Swali lenye manufaa ni hili: nguvu inakuja wapi, na inakuja kwa namna gani? Injini ya silinda moja au mbili iliyoundwa kwa kazi za kila siku huvuta vizuri ikiwa chini, yaani ikizunguka polepole, kwa hiyo ukikosea gia itakuvumilia, na ukizungusha akseleta kupita kiasi itaongeza mwendo taratibu. Injini ya silinda nne ya pikipiki za mbio huwa tulivu ikiwa chini, kisha juu hubadilika ghafla, na mkono wa mwanafunzi, ambao hutikisika kila tairi linapopita kwenye shimo, hauwezi kuimudu. Pikipiki za mbio za sentimita 600 hutoa nguvu farasi zaidi ya 100 huku uzito wake ukiwa kilo 190 hivi. Wapo wanaosema watainunua hiyo na kuendesha kwa adabu. Nawaheshimu, lakini kosa la mwanafunzi hutokea kabla adabu haijapata nafasi.

Kwa wengi wanaoanza, injini ya sentimita 125 hadi 300 inatosha kabisa. Ya 125 au 150 inamfaa wa safari za mjini na barabara za kawaida, na mara nyingi hutumia takriban lita 2 za mafuta kwa kilomita 100. Anayelazimika kupita barabara kuu zenye magari ya kasi kila siku aangalie 250 hadi 400, kwa sababu injini iliyofika ukomo wake haina akiba ya kumtoa mbele ya lori.

Kuhusu gia, ningependa kila anayeweza ajifunze klachi ya mkono, kwa kuwa ndiyo inayompa udhibiti wa mwendo wa kutambaa. Hata hivyo, pasiwe na aibu ya kuanza na gia nyepesi. Honda Super Cub, iliyoanza kuuzwa mwaka 1958 na kupita jumla ya pikipiki milioni 100 mwaka 2017, haina mkono wa klachi. Gia hubadilishwa kwa mguu na klachi hujiendesha yenyewe, na mamilioni ya watu wamejifunzia juu yake. Pikipiki za umeme nazo hazina klachi kabisa, ila mota yake hutoa msukumo mkubwa tangu mwanzo wa safari, kwa hiyo anayeichagua aianze kwenye hali ya nguvu ndogo ikiwa inayo.

Hatua ya tano: Breki zenye akili

Pikipiki inapopunguza mwendo, uzito huhamia gurudumu la mbele, na ndiyo maana breki ya mbele hufanya kazi kubwa zaidi ya kuisimamisha. Ndiyo pia inayomwangusha mwanafunzi, kwa sababu akishtuka huikamata kwa nguvu zote, gurudumu linajifunga na kuteleza. Mfumo wa ABS huhisi gurudumu likianza kujifunga, ukaachia na kubana breki mara nyingi ndani ya sekunde moja, ili tairi liendelee kuzunguka. Kama bajeti yako inakulazimisha kuchagua kati ya ABS na injini kubwa zaidi, chagua ABS. Zipo pia pikipiki ndogo zenye mfumo unaounganisha breki, ambao ukibana moja, nyingine hubana kwa kiasi fulani. Unasaidia, lakini hauzuii gurudumu kujifunga.

Hatua ya sita: Tenga fedha za kichwa kwanza

Kabla hujapanga bei ya pikipiki, toa kwenye bajeti helmeti, glavu, jaketi lenye kinga za viwiko na mabega, suruali imara na buti zinazofunika kifundo cha mguu. Kisha toa bima, usajili na matengenezo ya mwanzo. Kinachobaki ndicho cha pikipiki. Mapitio ya tafiti nyingi yalikadiria kwamba helmeti hupunguza uwezekano wa kufa katika ajali ya pikipiki kwa asilimia 42 hivi, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi.

Helmeti nzuri huyabana mashavu bila kuumiza paji la uso. Ifunge mkanda, kisha ishike kwa nyuma na uisukume kuelekea mbele. Ikivuka kichwa na kutoka, si yako. Tafuta nembo ya kiwango kinachotambulika, kama ECE 22.06, na usinunue helmeti iliyotumika, maana povu gumu la ndani likishapondwa mara moja halirudi, na kwa nje huwezi kuona chochote.

Hatua ya saba: Mpya au iliyotumika

Mwanafunzi ataiangusha pikipiki yake, pengine akiwa amesimama tu. Kwa sababu hiyo napendelea iliyotumika, yenye hali nzuri, ambayo mkwaruzo mmoja hautamvunja moyo mwenyewe. Mpya ina faida ya dhamana na ya kutokuwa na historia iliyofichwa, na asiye na fundi wa kuaminika huenda ikamfaa zaidi. Vyovyote iwavyo, hakikisha vipuri na fundi wa aina hiyo vinapatikana karibu nawe.

Ukienda kuikagua iliyotumika, nenda mchana, siku isiyo na mvua, kwa maana maji huficha mikwaruzo. Mwambie muuzaji mapema kwamba asiiwashe kabla hujafika, na jambo la kwanza utakalofanya ni kusogeza mgongo wa kiganja karibu na injini. Ikiwa ya moto, uliza kwa nini. Pengine amekuja nayo kutoka kazini, na pengine anajua kwamba ikiwa baridi haiwaki. Subiri ipoe. Ikiwaka, simama nyuma yake: moshi wa buluu unaoendelea kutoka una maana kwamba inaunguza oili, na huo ni ugonjwa wa gharama, mweusi ni wa mafuta kuzidi kiasi kinachofaa kwa hewa, ambao mara nyingi hutibika kwa marekebisho, mweupe usiokoma, kwenye injini inayopozwa kwa maji, ni dalili ya maji kuingia mahali pasipostahili. Oili yenye rangi ya maziwa inathibitisha hilo la mwisho.

Kisha soma mwili wake. Ncha za mikono ya breki na klachi, mwisho wa hendeli na vikanyagio ndivyo vinavyogusa ardhi kwanza pikipiki inapolala, na mkwaruzo uliopakwa rangi upya huonekana ukiinama. Kibao cha kilomita kikisema 8,000 huku raba za vikanyagio zimelika hadi chuma na mishiko imekuwa laini kama sabuni, amini raba. Shika breki ya mbele na uikandamize pikipiki chini mara tatu. Mabomba yanayong'aa ya shokapu za mbele yabaki makavu bila utando wa oili. Nyanyua gurudumu la mbele, uizungushe hendeli polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ukihisi inanasa kidogo katikati kama droo iliyochakaa, beringi zake zimekwisha. Uvute mnyororo kuelekea nyuma pale unapozunguka sproketi, yaani gurudumu la meno, ya nyuma. Ukiachana na meno kiasi cha kuona nusu ya jino, au meno yenyewe yakiwa yamepinda kama ndoana, seti nzima ibadilishwe na bei ipungue.

Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne ndani ya umbo la yai. Ikiandikwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Lenye zaidi ya miaka 5 au 6 litazame kwa mashaka hata kama kashata zake bado ni nene, kwani raba hukauka na kupoteza mshiko.

Mwisho wa ukaguzi ni karatasi, na hapa usione haya. Namba ya fremu iliyochongwa karibu na shingo ya hendeli, pamoja na namba ya injini, zilingane na kadi ya usajili tarakimu kwa tarakimu, na jina lililoandikwa liwe la mtu unayezungumza naye. Kama namba imekwanguliwa, ondoka bila kujadili bei.

Hatua ya nane: Ijaribu, kisha ianze polepole

Ukipewa ruhusa na una leseni, ijaribu mahali patulivu. Sikiliza kama gia zinaingia bila kugoma. Kwenye gia ya juu na mwendo mdogo ongeza akseleta. Sauti ikipanda na mwendo usipande, klachi inateleza. Mahali palipo salama na nyooka legeza kidogo mshiko wa hendeli, uone kama inavuta upande mmoja. Kama bado hujui kuendesha, nenda na mtu anayejua, na umwombe ajaribu mwendo wa kutambaa zaidi ya mwendo wa kasi.

Siku ya kuichukua, mwachie mzoefu aipeleke nyumbani ikiwa njia ina magari mengi. Kama matairi ni mapya, yaendeshe kwa upole kwa kilomita 150 hivi za mwanzo, bila kulala sana kwenye kona wala kubana breki kwa ghafla, kwa sababu raba mpya huwa na utelezi.

Asubuhi inayofuata ipeleke kwenye uwanja mtupu na uanze na kusimama. Nenda kwa kilomita 20 kwa saa, nyoosha hendeli kabisa, bana breki zote mbili kwa kuongeza nguvu taratibu huku ukivuta klachi, tazama mbele badala ya kutazama chini, kisha shusha mguu wa kushoto na uache wa kulia kwenye breki. Angalia hasa hendeli, kwa maana breki ya mbele ikikamatwa huku hendeli imekunjwa, pikipiki hulala upande ule ilikogeukia. Rudia mara ishirini siku ya kwanza, na ishirini nyingine siku ya pili, kabla hujaingia barabarani.